Naomba ushauri: mama mkwe akataa chanjo ya pili ya surua

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, Langoni. Mwanangu ana miezi 19. Kwenye kitabu cha kliniki sindano ya surua ya miezi 9 imeandikwa, ya miezi 18 bado patupu. Mama mkwe ashikilia moja yatosha, kwani ile ya kwanza ilimpa mtoto homa usiku kucha. Nimemweleza dozi moja haiwakingi watoto wote, na surua huenea kwa hewa, yaweza kuleta nimonia hata upofu. Kinachoniogopesha zaidi, humu ndani mna kichanga wa wifi yangu, miezi minne, umri wa kuchanjwa surua haujamfikia. Huyu ni mzazi wangu, sitaki kumpita kimyakimya. Mliokuwa na wazee kama hawa, mlianza vipi mazungumzo? Nimpeleke naye kliniki akaongee na nesi mwenyewe?