Mzee wa kanisa ananilea, lakini pishi yake inawapunja wachumaji karafuu. Nifuate haki au upendo?

Karani wa Msimu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wasio wa imani yetu nawasalimu pia. Naomba ushauri, tafadhali msinitukane.

Niko Pemba, kaskazini huku. Nilivuka kutoka Tanga sina ndugu wala jamaa kisiwani, mzee mmoja wa kanisa letu na mkewe wakanipokea. Nakula kwao, nalala kwao, hata ada ya kozi ya uhasibu alinilipia yeye. Namwita baba na sitaki kumwita vingine.

Msimu huu baba amekodi mikarafuu ya watu na anachumisha. Mimi ndiye karani wake. Jioni wachumaji wakishamaliza kuchambua, kijana wake anapima, mimi naandika jina na idadi ya pishi kwenye daftari, mwisho wa wiki kila mtu analipwa kwa pishi zake.

Sasa hiyo pishi. Ni kopo la bati. Juu wanapima mfuto, kijiti kinapitishwa mbele ya macho ya kila mtu, huwezi kusema neno. Ila kitako kimegongwa kutoka ndani kikatokeza nje. Ukiiweka sakafuni inayumba, ndiyo maana haiwekwi sakafuni hata siku moja, inakaa juu ya gunia. Siku moja hapakuwa na mtu, nikachukua kibaba cha dukani nikapima. Pishi ni vibaba vinne, hilo kila mtu analijua. Hii imekula vinne na nusu.

Wachumaji wengi ni akina mama majirani zetu, Waislamu, wengine wajane. Wanapanda miti mirefu kuanzia alfajiri, jioni vidole vyeusi kwa utomvu, halafu nusu kibaba inakwenda bure kila pishi.

Mchungaji alihubiri 1 Timotheo 6:11, kwamba mtu wa Mungu afuate haki, utauwa, imani, upendo, saburi na upole. Kila mtu aliitikia amina, na baba naye alikuwa benchi la mbele. Tangu hapo sina raha. Nikifuata haki namwaibisha mtu aliyenifuta machozi, na kanisa lenyewe ni dogo, watu watatusema kisiwa kizima. Nikifuata upendo, Petro ameandika kwamba upendo husitiri wingi wa dhambi. Nishike lipi?

Mpita Njia

Dada, unakula kwake, unalala kwake, halafu unampimia pishi yake usiku kama mwizi. Kula ugali wako unyamaze. Pishi gani kisiwani haina tumbo? Na hao wachumaji unaowalilia wanachanganya makonyo, vile vijiti vya karafuu, humo humo ili ijae upesi. Ngoma droo.

Mtoto wa Konde

Mimi si Mkristo, nimepita tu, lakini hili linanihusu maana mama yangu ni mchumaji.

Bibie, usidhani hawajui. Wanajua. Pishi ya namna hiyo wakikaa kuchambua wanaiita mja mzito. Wanacheka, na kesho wanarudi, kwa sababu skuli zinataka daftari na sare, na mchumishaji mwengine yuko mbali au naye ana yake. Kwa hiyo hiyo siri unayoilinda si siri. Wewe unaogopa kanisa kusemwa, na mimi nakwambia linasemwa zamani, ila kwa adabu, hamlisikii.

Sisi tuna sura nzima ya jambo hili, ya 83, inaanza kwa kuwaapiza wapunjao: wakipokea kwa watu wanataka kipimo kijae, wakiwapimia wengine wanapunguza. Nyinyi mna yenu bila shaka. Na ndugu Mpita Njia, anayechanganya makonyo anaambiwa achambue tena palepale, hilo lina dawa yake. Kupanua kopo si dawa ya makonyo.

Mwana wa Sheria

Nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, kesho asubuhi na kopo mkononi. Hakuna mjadala hapa. Huo ni wizi wa ujira.

Mama wa Mkunazini

Mwanangu, nimesoma yako na za wenzangu. Mimi ni mtu mzima, nasali Mkunazini hapa mjini Unguja, nitasema kidogo kwa urefu, mnivumilie.

Kwanza, swali lako umeliweka vibaya, ndiyo maana halijibiki. Umeweka haki upande wa wachumaji na upendo upande wa baba yako, ukabaki katikati unavutwa. Nani kakwambia upendo ni wa baba peke yake? Wale akina mama si jirani zako? Soma Walawi 19 yote kwa kituo, usirukeruke. Mstari wa 13, ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Wa 17, usimchukie ndugu yako moyoni, mkemee, usije ukabeba dhambi kwa ajili yake. Wa 18, mpende jirani yako kama nafsi yako. Wa 35 na 36, msipotoe vipimo, muwe na mizani za haki. Yote sura moja, kwa watu walewale, na kumkemea ndugu na kumpenda jirani vimekaa mlango kwa mlango. Aliyeiandika hakuona kwamba anachanganya mambo mawili.

Pili, huo mstari wa Petro. Upendo husitiri dhambi, kweli. Lakini mtu husitiri lile alilokosewa yeye. Baba akikufokea, msitiri. Akisahau kukulipa wewe mshahara wako, ukitaka msamehe, ni wako. Nusu kibaba ya mjane si mali yako, huna mamlaka ya kuisamehe. Ukiisamehe kwa niaba yake umetoa sadaka kwa mfuko wa mwenzio. Na Yakobo 5:4 anasema ujira wa waliovuna mashamba, uliozuiwa kwa hila, unapiga kelele, na vilio vyao vimeshafika masikioni mwa Bwana. Wavunaji, mwanangu. Kama vile aliwahi kupita Pemba msimu wa karafuu.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma mimi. Kanisa ninalosali limejengwa pale lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi, na kaburi lake liko nyuma ya madhabahu. Watalii wanaletwa kila siku kuelezwa habari hiyo, na sisi tunajisikia vizuri. Lakini wale watu walikuwa wakinunuliwa kwenda wapi? Wengi mashamba ya karafuu, Unguja na huko huko kwenu Pemba. Utumwa ulipofutwa kisheria hapa visiwani mwaka 1897, Wakristo wa Marafiki, wanaoitwa Quaker, walifika Pemba mwaka huo huo na kuanzisha shamba la karafuu ili walioachwa huru wapate kazi ya ujira. Ujira! Ndiyo habari tuliyokuja nayo kisiwani. Leo mzee wa kanisa anagonga kopo kitako.

Basi fanya hivi. Usiende kwa sheha kwanza. Mathayo 18:15, wewe na yeye peke yenu. Wala usimwendee wakati wa kupima, wala mbele ya watoto wake, wala mezani. Mwombe faragha. Anza na wema wake, na uutaje wazi, si kwa kumlainisha bali kwa sababu ni kweli. Halafu weka kopo na kibaba mbele yake. Usimwite mwizi. Mimina tu, ahesabu mwenyewe.

Mwana wa Sheria

Mama shikamoo. Nakuheshimu, lakini "peke yenu" ndiyo njia ya mambo kufukiwa. Kesho kopo litapotea na binti atakuwa hana kazi.

Mama wa Mkunazini

Marahaba mwanangu. Mathayo 18 haikomi mstari wa 15. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Na kwa mzee wa kanisa, Paulo anamwambia Timotheo asipokee mashtaka bila mashahidi wawili au watatu, 1 Timotheo 5:19. Kwa hiyo hata ukitaka kulipeleka mbele, bila shahidi wa pili halisimami. Sheha yupo, hakimbii. Wakifika huko watakuwa wamepita kote.

Dobi

Na wale wa 1 Wakorintho 6 wasije hapa kusema afadhali kudhulumiwa. Paulo anamwambia anayedhulumiwa akubali mwenyewe. Hakumwambia karani awakubalie wengine.

Shemasi Mstaafu

Nimewahi kukaa Chake Chake miaka ya nyuma. Nakubaliana na Mama, naongeza la dunia tu. Binti, kabla hujafungua mdomo jua utalala wapi usiku huo. Sina maana kwamba atakufukuza. Lakini mtu anayeogopa kulala nje hasemi kweli yote, anasema nusu halafu anaanza kuomba radhi. Zungumza na dada yeyote wa kanisani, mwambie tu huenda ukahitaji kulala kwake siku mbili tatu. Usimweleze kwa nini. Na daftari lako linakili. Si kwa ajili ya vita, ni kwa sababu majina ya watu yamo humo.

Kingine, mke wa mzee anajua? Mara nyingi mama wa nyumba ndiye anayejua kila kitu.

Mpita Njia

Haya mahubiri yote kwa nusu kibaba.

Mtoto wa Konde

Nusu kibaba kwa pishi, ndugu yangu, na mtu anachuma msimu mzima. Karafuu ikikauka mchumishaji anakwenda kuiuza kituoni kwa mizani, kwa kilo, na pale yeye hakubali ipungue hata gramu.

Karani wa Msimu

Nimerudi. Ahsanteni, hata aliyenikemea.

Mama wa Mkunazini, nimefanya kama ulivyosema, ila sikuanza na baba. Nilimwambia mama mwenye nyumba, kwa sababu ya alilosema Shemasi. Alinitazama kwa muda, akasema, "Nilimwambia kabla ya msimu." Basi. Usiku akanipeleka yeye mwenyewe kwa baba, watoto wamelala. Nikashukuru kwanza, nikataja ada na kila kitu, sauti ilinikatika. Nikamimina. Kibaba cha kwanza mpaka cha nne, ikabaki nafasi.

Alikasirika. Alisema nimeletewa maneno na wachumaji. Mama akamwambia, "Hakuna aliyemletea neno, kopo ni hilo." Baadaye alinyamaza, akasema pishi hiyo aliinunua hivyo hivyo kwa mtu, na kila mtu anafanya. Kisha akaenda kulala. Asubuhi alimtuma kijana dukani akaja na pishi mpya, imepimwa mbele ya wachumaji, vibaba vinne kamili. Akina mama walitazamana tu, mmoja akapiga kigelegele kidogo akajifanya anakohoa.

Lakini ya nyuma hataki kuyasikia. Anasema tuanze upya, na kwamba upendo hauhesabu mabaya, 1 Wakorintho 13. Mama anataka yalipwe. Mimi nina daftari lote. Nimkumbushe tena, au niache Roho amsemeshe? Na nikipiga hesabu, naipigaje?

Dobi

Upendo hauhesabu mabaya, lakini hapa zinahesabiwa karafuu.

Mama wa Mkunazini

Mwanangu, umefanya vema, na huyo mama mwenye nyumba Mungu ambariki. Mkumbushe. Si leo, mwache hasira ishuke, lakini kabla wachumaji hawajatawanyika. Msimu ukiisha kila mtu anarudi kwao, utamlipa nani?

Sheria ya Musa, Walawi 6, inasema aliyenyang'anya kwa hila arudishe kamili na aongeze sehemu ya tano. Zakayo alikwenda mbali zaidi, mara nne, na hakuna aliyemlazimisha, alisema mwenyewe akiwa na mgeni nyumbani. Baba yako simtaki afike kwa Zakayo kwa kusukumwa na karani. Mwekee hesabu ya deni lenyewe, na pembeni mwandikie ya sehemu ya tano. Achague. Na kama anaona aibu kulipa hadharani, alipe kwa mkono wa mkewe, mlango kwa mlango. Hakuna andiko linalotaka mtu adhalilishwe ndipo haki itimie.

Shemasi Mstaafu

Hesabu ni nyepesi. Pishi nane za kopo lile ni vibaba thelathini na sita, yaani pishi tisa za kweli. Kwa hiyo kila pishi nane ulizoandika, mchumaji anadai moja. Aliyeandikwa 40 anadai 5. Ukiongeza sehemu ya tano zinakuwa 6. Zidisha kwa bei ya pishi mliyowalipa wiki ile, si bei ya leo kama imeshuka. Ikiwa imepanda, mwachie baba aamue, hapo tena ni moyo wake.

Karani wa Msimu

Nimeshaanza kupiga, majina ni mengi. Mama ananisomea, mimi naandika. Baba amepita mara mbili mlangoni akauliza tunafanya nini, mama akamjibu, "Hesabu yako." Hajatukataza.

Mtoto wa Konde

Mwenyezi Mungu amlainishe. Mama yangu kanituma niulize, kopo la zamani liko wapi?

Karani wa Msimu

Liko stoo.

Mtoto wa Konde

Anasema msilitupe jaani, litaokotwa na mchumishaji mwengine. Lipigeni nyundo.