Mjadala: Je, gari la kifahari la umeme linafaa kumilikiwa na mkazi wa Nairobi?

Mleta mada

Hoja yangu ni kwamba gari la kifahari la umeme ni raha kuliendesha lakini, kwa mkazi wa Nairobi, ni hasara kulimiliki, na kwamba hasara hiyo haitokani na betri wala uchache wa vituo vya kuchajia, mambo ambayo husemwa kila mada hii inapozuka, bali hutokana na jinsi thamani yake inavyoporomoka linakotoka na jinsi ushuru wake unavyokokotolewa likifika Mombasa. Mfano wangu ni Porsche Taycan, kwa sababu mwaka huu jamaa wawili wameniomba ushauri juu ya gari hilo hilo, na kwa sababu yaliyotumika yamejaa Uingereza, nchi ambayo usukani wa magari yake uko kulia kama wetu.

Wingi huo una chanzo chake. Taycan lilizinduliwa Septemba 2019. Mfanyakazi wa Uingereza akipewa gari na kampuni, asilimia fulani ya bei ya gari hilo huhesabiwa kuwa sehemu ya mapato yake na kutozwa kodi. Kwa magari ya umeme asilimia hiyo ilikuwa 0 katika mwaka wa kodi wa 2020/21, ikawa 1 mwaka uliofuata, kisha 2 hadi 2024/25. Kwa hiyo mengi yalichukuliwa kwa mikataba ya kukodi ya miaka michache na watu waliovutiwa na kodi zaidi ya gari lenyewe, na mikataba ilipoisha yakarudi sokoni kwa mkupuo. Januari 2023 Tesla ikapunguza bei za magari yake mapya, jambo lililoshusha bei za magari ya umeme yaliyotumika karibu yote, na mwaka 2024 Porsche yenyewe ikatoa Taycan lililoboreshwa, lenye betri ya hadi kilowati-saa 105 badala ya 93.4. Nani basi angelipa bei ya jana kwa lile la zamani? Leo si ajabu kulikuta la miaka minne likiuzwa kwa nusu ya bei yake ya awali.

Mnunuzi wa Nairobi huona hapo kuwa ameokota dhahabu, lakini mamlaka yetu ya mapato haianzi hesabu na bei aliyolipa. Huanza na bei ya gari hilo likiwa jipya, ikapunguza kwa jedwali la viwango vilivyowekwa kulingana na umri, kisha ikatoza ushuru juu ya kinachobaki. Jedwali hilo halijui kwamba soko la Uingereza limekwisha kulikataa gari lile, na hivyo sehemu kubwa ya punguzo aliyoifurahia mnunuzi humezwa bandarini.

Ile akiba ya mafuta inayosifiwa nayo ni ndogo. Tuchukulie kilomita 1,000 kwa mwezi. Taycan likila uniti 24 za umeme (uniti moja ni kilowati-saa moja) kwa kila kilomita 100, na uniti moja ikigharimu KSh 28 pamoja na tozo zake, mwenye gari atalipa takriban KSh 6,700. Gari la petroli la hadhi hiyo likinywa lita 12 kwa kilomita 100, kwa bei ya KSh 180 kwa lita, litamgharimu KSh 21,600. Akiba ya mwaka mzima haifiki KSh 180,000, ilhali gari la KSh milioni 12 likipungua thamani kwa asilimia 10 tu limekwisha kumpotezea mwenyewe KSh milioni 1.2.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hesabu zako ni sahihi lakini mizani yako imeegemea upande mmoja. Umelipima Taycan dhidi ya akiba, na anayenunua gari la aina hii hatafuti akiba. Angeitaka angenunua Nissan Leaf kutoka Japani, ingawa huko nako angesumbuliwa na soketi ya kuchajia isiyolingana na ile ya Ulaya. Lipime dhidi ya magari ambayo mtu huyo angeyanunua kweli. Range Rover au Panamera la petroli nayo hupoteza thamani, tena huku yakidai mafuta ya injini na gereji isiyoisha. Isitoshe, tangu mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa gari la umeme nchini Kenya umekuwa asilimia 10 badala ya 20, wakati gari la petroli lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 3,000 hutozwa asilimia 35. Ukilisema jedwali la forodha, useme na hilo.

Kuhusu bei ya umeme, umesahau kwamba mwaka 2023 uliwekwa mpango maalumu wa bei kwa vyombo vya usafiri vya umeme, ambao bei yake ya msingi ilikuwa KSh 16 kwa uniti na KSh 8 katika saa ambazo matumizi ni madogo, yaani usiku, wakati ambapo gari limelala kwenye maegesho. Mimi nina paneli za jua juu ya paa na sijawahi kutafuta kituo cha kuchajia ndani ya jiji. Breki hazijabadilishwa tangu nilipolipata gari langu, kwa sababu mota zenyewe hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Katika msongamano wa Mombasa Road saa kumi na mbili jioni, ambapo jirani yangu anachoma petroli bila kusogea, mimi ninachotumia ni redio na kipoza hewa tu. Nakubali, hata hivyo, kwamba matuta ya mtaani kwetu nayapita mshazari, na moyo wangu uko mdomoni.

Mchangiaji wa pili

Wote wawili mmezungumzia mjini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kulipandisha gari lenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na abiria wake kutoka Mombasa hadi kimo hicho kunahitaji, kwa fizikia ya shule ya upili, zaidi ya uniti 11 za umeme, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa matairi. Hiyo ni sawa na kilomita 45 hivi zinazotoweka njiani. Betri kubwa ya Taycan la kwanza huruhusu kutumia uniti 83.7, yaani kama kilomita 350 kwa ulaji aliotaja mleta mada, na safari ni karibu kilomita 480. Kushuka ni raha; kurudi kupangwe.

Mleta mada

Nakubali hoja ya ushuru wa bidhaa, na nilipaswa kuitaja. Kwenye kupoteza thamani sikubali, kwa sababu mnunuzi wetu ana chaguo la tatu ambalo ndugu yangu amelipita kimya: Land Cruiser, ambalo baada ya miaka mitano wateja hapa hulipigania, na kila fundi kuanzia Kirinyaga Road analijua.

Kuna jambo jingine ambalo paneli za jua haziwezi kulitatua. Betri ya Taycan ina dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, yoyote itakayotangulia, nayo huanza kuhesabiwa siku gari lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wake wa kwanza. Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8. Maana yake ni kwamba kadiri mtu anavyotafuta la bei nafuu zaidi ndivyo anavyolipokea dhamana ikiwa ukingoni, na hata ile iliyobaki ni lazima aulize kwa maandishi kama itatambuliwa hapa. Tena mwaka 2024 Porsche iliyaita Taycan yote yaliyokuwa yameuzwa ili kukagua mipira ya mafuta ya breki za mbele. Aliyeagiza gari kupitia dalali ahakikishe, kwa namba ya chasi, kwamba lake lilikaguliwa.

Jamaa yangu wa kwanza amekwisha kutumiwa na muuzaji picha thelathini za viti vya ngozi. Ripoti ya hali ya betri ameiomba mara mbili, na bado hajaiona.