Nitaionaje sebule yangu kabla sijaipaka rangi?

Swali: Ndugu zangu, ninataka kubadilisha mwonekano wa sebule, lakini kila wazo hunipotea kabla sijaliona likiwa kamili. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza: Pima chumba, kisha ukichore kwa kipimo cha 1:50, ambapo sentimita 2 za karatasi ni mita 1 ya sakafu, ukate vipande vya makochi na meza kwa kipimo hichohicho, uvisogeze mpaka njia ya kupita ibaki wazi.

Jibu la pili: Nakubaliana naye, ila rangi haichoreki kwa penseli. Paka ubao mkubwa, uusimamishe ukutani, uutazame asubuhi na usiku, kwa kuwa mwanga huibadilisha rangi mno.

Muulizaji: Asanteni sana. Nimekwisha kupima, na kumbe kabati linaziba nusu ya dirisha.