Mama akisema "nipe shauri", namjibu nini?

MwanafunziKadutu: Jameni, salamu kutoka Bukavu. Niko kwenye staji ya saikolojia. Darasani tumefundishwa nadharia ya Carl Rogers: mshauri hamwamulii mtu, anamsikiliza mpaka mwenyewe aone njia. Naipenda sana. Lakini huku Kadutu akina mama wanaingia, wanakaa, na neno la kwanza ni "Mwanangu, nipe shauri." Mmoja ameniuliza kama arudi kwa mume au abaki na watoto kwa kaka yake (nimebadilisha habari zake asijulikane). Nikimrudishia swali, ananitazama kama mtu aliyenyimwa maji. Nadharia hii inafaa kwetu kweli, ama nitafute nyingine?

DadaIbanda: Mdogo wangu, usiiache. Mimi ni APS, yaani msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, kazi hii naifanya kila siku. Rudia alichoandika Rogers mwaka 1957: kumwelewa mtu kutoka ndani ya maisha yake, kumpokea bila masharti, na kuwa mkweli mbele yake. Kumrushia swali lake mwenyewe hakumo. Mama akisema "nipe shauri", anakuambia pia kwamba mzigo huu ameubeba peke yake. Anzia hapo: "Mama, nasikia kurudi kunakutia hofu, na kwa kaka unaona haya watoto kula kwa watu." Kisha nyamaza. Kama hukulenga, atakusahihisha, na maneno yake ya kweli yataanza kutoka.

Halafu, uamuzi na habari ni vitu viwili. Kurudi au kutorudi ni juu yake, maana yeye ndiye atakayelala nyumba ile. Habari ni haki yake. Aliyebakwa anatakiwa kufika hospitali ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia VVU. Hilo huwezi kumwachia aligundue mwenyewe! Unamwambia waziwazi, akikubali unamsindikiza. Na huyu mama, je, umemwuliza kama mume anampiga? Kama ana silaha? Watoto wako salama? Anza na hayo.

KakaNguba: Nakubaliana na dada, ila Rogers hayuko peke yake. Kuna utafiti uliofanyika hapa hapa Kivu Kusini, ukachapishwa 2013: wanawake walionusurika ukatili wa kingono, katika vijiji 15. Baadhi ya vijiji vilifuata kwa vikundi tiba ya kuchambua mawazo iliyoanzia kwa Patricia Resick, Marekani. Waliowaongoza ni APS wa huku, na mazoezi yalirahisishwa kwa wasiojua kusoma. Walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliosaidiwa mmoja mmoja. Mama akisema "kosa ni langu, nilienda shamba peke yangu", unamwuliza: nani aliyeamua kukutendea vile? Hapo unaongoza zaidi kuliko Rogers, lakini jibu analitafuta mwenyewe.

MwanafunziKadutu: Aksanti sana. Usalama sikuwa nimeuliza bado. Na maneno yakinikauka mbele yake?

DadaIbanda: Fanyeni mazoezi watatu watatu: mshauri, mteja, na mwangalizi. Kwa Kiswahili, maana mnasoma kwa Kifaransa na akina mama hawaji na Kifaransa. Mwangalizi aandike kila mara mshauri anapotoa jibu mwenzake hajamaliza kusema. Kuhusu huyu mama, mpelekee msimamizi wako wa staji kesi yake bila jina. Kama mume ana silaha, usingoje mkutano wa wiki, mpelekee leo.