Sipi, Bundibugyo au Murchison: njia ipi ya lami kwa wapenda milima na maporomoko?

Mkanyagaji_KLA
Habari zenu wandugu. Mimi na mwenzangu tumepata siku tatu mwanzoni mwa Desemba, tutatoka Kampala na baiskeli zetu kwa basi. Ni baiskeli za barabara, matairi ya milimita 28, kwa hiyo murramu ndefu hatuitaki. Tunachotaka ni milima, makorongo na maji yanayoanguka. Nimebakiza njia tatu: Mbale hadi Sipi na Kapchorwa, Fort Portal hadi Bundibugyo, na Masindi hadi Murchison. Mwenzangu ana mapafu ya kupanda lakini miteremko mirefu inamtia hofu. Mngechagua ipi?

Mbale_Kwetu
Sipi. Kwingine unaendesha kwanza, halafu ndipo unaanza kutafuta maji. Huku maji yako kwenye mlima uleule unaoupanda.

Mbale mjini ni kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Mnatoka kwa barabara ya Kumi, baada ya muda mfupi mnakata kulia, na mwanzo ni tambarare: jua, ng'ombe, mahindi. Kisha mlima Elgon unaanza, na hadi Sipi, karibu mita 1,800, miguu haipati likizo. Mpaka Kapchorwa ni lami yote, jumla kama kilomita 65. Mkiwa juu geukeni mtazame nyuma, tambarare za Karamoja zote ziko chini yenu.

Maporomoko ni matatu. La chini ndilo kubwa, maji yanaruka kutoka kwenye genge na kushuka kama mita 100, na unaliona ukiwa bado barabarani. Kufika chini yake ni kwa miguu, njia ina mwinuko mkali na matope, na kijana wa kuwaongoza analipwa. Bebeni raba. Viatu vya kunasa kwenye pedali vitawaangusha kwenye mawe yale.

Jambo moja la adabu. Msimu huo watu wanavuna kahawa na wanaianika kando ya barabara juu ya maturubai, na turubai lingine linaingia hadi kwenye lami. Punje bado zina ute na zinateleza. Msipite juu yake hata kama kuna lori nyuma yenu. Simameni, lori lipite. Ile ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Dada_Pedali
Kaka wa Mbale anavutia kwake, na ana haki. Lakini msiitupe Bundibugyo. Barabara inazunguka ncha ya kaskazini ya Rwenzori, kona juu ya kona, halafu bonde la Semliki linafunguka mbele yako na upande wa pili ni milima ya Kongo. Ni lami, na kwa macho yangu hakuna barabara nzuri kuliko ile Uganda nzima. Huko chini kuna chemchemi za Sempaya, maji yanachemka kiasi cha kuivisha yai.

Upungufu wake ni huu: si njia ya maporomoko ya maji. Tena hesabu yake imegeuzwa. Fort Portal iko juu, kama mita 1,500, na bonde liko kama mita 700. Unaanza kwa kuteremka ukiwa na nguvu, unamaliza kwa kupanda ukiwa umechoka, na joto la bondeni si mchezo. Lazima ulale hukohuko bondeni, au upange gari la kuwarudisha.

Mzee_wa_Masindi
Wanangu, Murchison nendeni kwa gari. Mto Nile mzima unabanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43, na ardhi inatetemeka chini ya miguu. Ni lazima mtu auone. Lakini ile ni hifadhi ya wanyama, kuna tembo, nyati na simba, na mtu juu ya baiskeli hana mlango wa kufunga.

Fundi_Spoku
Mnazungumzia kupanda, wakati mwenye swali amesema tatizo ni kuteremka. Kushuka Sipi ndiko kunakohitaji matayarisho.

Kama breki ni za kubana rimu, usizishikilie kutoka juu hadi chini. Rimu inapata moto, hewa ndani ya tyubu inapanda presha, na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Funga breki kwa nguvu kabla ya kona, ziachie, acha upepo upoze, kisha tena. Simameni mara mbili tatu na muiguse rimu kwa nyuma ya kidole, ikichoma, subirini. Kama ni za diski, tazameni unene wa pedi kabla ya kutoka Kampala, msingoje kufika Kapchorwa.

Na kuweni macho na boda. Wengi wanazima injini kwenye mteremko kuokoa petroli, kwa hiyo hutamsikia mpaka awe begani kwako.

Na kwa kupanda, nyuma wekeni gia yenye meno 32 au zaidi.

Kitale_Moja
Kwani lazima mrudi mlikotoka? Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73, siku hizi ni lami. Mnapita Bukwo, mnavuka mpaka, na kwetu Kenya lami inaendelea kupitia Endebess hadi Kitale. Siku tatu zinatosha kabisa, na Elgon mtakuwa mmeizungukia upande wote wa kaskazini.

Dada_Pedali
Hapo umenishinda, Kitale. Ila kwa mtu anayeogopa miteremko mimi nisingemwongezea milima ya Bukwo mara ya kwanza.

Mkanyagaji_KLA
Asanteni sana. Na mvua je?

Mbale_Kwetu
Mwanzo wa Desemba mvua kubwa huwa inapungua na mto bado umejaa. Mkingoja hadi Februari barabara itakuwa kavu lakini maji yatakuwa membamba. Elgon hainyeshi kwa ratiba lakini, na maporomoko ya udongo yaliyoua watu Bulambuli yalitokea Novemba 2024, wilaya hiyohiyo mnayopita. Kama imenyesha usiku kucha, ulizeni mkifika Muyembe, mji ulio chini ya mlima, kabla ya kupanda. Tokeni Mbale saa kumi na mbili asubuhi. Mawingu hupenda kujikusanya mchana. Alfajiri mtakutana na wakimbiaji pembeni mwa lami, wapeni nafasi. Kapchorwa ndiko walikotoka Kiprotich wa dhahabu ya marathoni London 2012 na Cheptegei wa mita 10,000 Paris 2024.

Mkanyagaji_KLA
Basi ni Sipi. Siku ya kwanza tunapanda, ya pili tunatembea kwenye maporomoko na kugusa Kapchorwa bila mizigo, ya tatu tunashuka asubuhi, miguu mipya na barabara kavu. Suam tutaiwekea safari yake.

Fundi_Spoku
Mpango mzuri. Kwenye basi ongeeni na konda bei ya baiskeli kabla ya kupakia, toeni gurudumu la mbele, na baiskeli ilale cheni ikitazama juu. Mkifika Mbale zungusheni magurudumu yote mawili muone kama rimu imepinda, kabla hata ya kunywa chai.