Nianzie wapi kuiboresha Honda Civic Type R (FK8) bila kuiharibia tabia yake?

MkataKona aliuliza:

Ndugu wadau, ninamiliki Honda Civic Type R ya toleo la FK8, ya mwaka 2018, ambayo mpaka sasa iko kama ilivyotoka kiwandani. Ninaiendesha kila siku kwenda kazini, na mara chache huipeleka kwenye uwanja wa mbio siku ambazo wenye magari binafsi huruhusiwa kuingia. Naipenda jinsi ilivyo, lakini sasa ningependa iwe gari langu hasa, lisilofanana na mengine yote ya toleo lake, na tayari nimeweka akiba kwa ajili hiyo.

Mambo niliyoyafikiria ni kubadili programu ya kompyuta ya injini ili iongeze nguvu, kufunga ekzosi nyingine, kuweka rimu za inchi 18 au 19 badala ya zile za inchi 20, kuishusha kidogo kwa springi fupi, na kuibadili rangi. Karibu kila ninayemuuliza hunishauri nianze na programu, kwa hoja kwamba ndiyo inayoleta tofauti kubwa kwa gharama ndogo. Nasita, kwa sababu hata hizo nguvu za farasi 320 ilizonazo sijaweza kuzitumia zote ipasavyo. Mngeyapanga vipi mambo haya, na lipi kati yake mngeliacha kabisa?

FundiBoneti alijibu:

Mkuu, kusita kwako kuna msingi. Hili ni gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele, na injini yake hutoa torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 400 tangu mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa hiyo katika gia ya kwanza na ya pili kinachokuwekea mpaka ni tairi wala si injini. Ukiongeza nguvu kabla ya kushughulikia mambo mengine, sehemu kubwa ya ulichokinunua itaishia katika moshi wa tairi.

Mimi ningeanza na joto na breki. Diski za mbele zina kipenyo cha milimita 350 na zinabanwa na kalipa za Brembo zenye pistoni nne, kwa hiyo huna haja ya kununua breki kubwa zaidi. Unachohitaji ni mafuta ya breki mapya na pedi zinazostahimili joto la uwanjani. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewani hata kama gari limeegeshwa tu. Kiwango cha DOT 4 kinadai yachemke kwa nyuzi zisizopungua 230 yakiwa mapya, lakini yakishafyonza maji ya kiasi cha asilimia 3.7 kinachodaiwa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka, mvuke huingia ndani ya mabomba, na kwa kuwa mvuke hugandamizwa kwa urahisi, kanyagio huzama mpaka chini huku gari likiendelea kukimbia. Ukitumia DOT 5.1 unapata nyuzi 260 na 180, ila usiichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haifai katika mfumo huu licha ya majina kufanana.

Kuhusu joto la injini, Honda wenyewe walipolifanyia gari hili marekebisho ya mwaka 2020 walipanua uwazi wa grili kwa asilimia 13, wakaboresha rejeta na kuweka diski za mbele za vipande viwili. Mtengenezaji anapobadili jambo bila kugusa nguvu za injini, hapo ndipo mmiliki wa toleo la awali apatazame kwanza. Rejeta nene zaidi na kipoza hewa cha turbo chenye eneo kubwa havitakupa nguvu hata moja ya kujivunia mbele ya wenzako, lakini vitazuia injini isijipunguzie nguvu yenyewe baada ya mizunguko michache ya uwanja.

Turbo_na_Subira alijibu:

Nakubaliana na FundiBoneti kwa mengi, ila sioni sababu ya kuiona programu kama anasa. Imeandikwa vizuri, hurekebisha pia namna kanyagio la mafuta linavyoitikia na namna torki inavyogawanywa kwa kila gia, na hata kikomo cha torki katika gia za chini kinaweza kuwekwa humo humo. Swali la kumuuliza anayekuandikia si ataongeza nguvu ngapi, bali ataongezea wapi.

Injini za aina hii, zenye turbo na zinazonyunyizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, zina hatari ya mchanganyiko kujiwasha kabla ya cheche ya plagi, hasa pale mzigo unapokuwa mkubwa na mizunguko ikiwa midogo. Tukio moja la namna hiyo linaweza kuvunja pistoni. Programu inayokupa msukumo mkubwa mno chini ya mizunguko 3,000 hufurahisha sana siku ya kujaribu gari, na ndiyo hiyo hiyo inayokusogeza karibu na hatari. Afadhali msukumo upande taratibu, torki ya juu kabisa ije baadaye, na wewe ujizoeze kushusha gia badala ya kukandamiza mafuta ukiwa gia ya sita. Tumia oili ya daraja la API SP, lililotolewa mwaka 2020, kwa kuwa lina jaribio mahususi la kuzuia tatizo hilo. Programu nayo iandikwe kwa ajili ya petroli unayoipata siku zote. Ukiandikiwa ya oktani 98 kisha ukaweka 95, kompyuta itachelewesha cheche ili kuinusuru injini, na sehemu ya nguvu ulizolipia itapotea.

Klachi pia uitegemee kuanza kuteleza mapema kuliko ulivyozoea, kwani hiyo hupokea torki yote kabla ya kitu kingine chochote.

Ekzosi ningeiacha mwisho. Ukitaka sauti, badilisha sehemu ya nyuma tu na usiyaguse masega, yaani vichujio vya moshi vilivyo ndani ya ekzosi. Kuyaondoa kunakatazwa na sheria za nchi nyingi, hukuletea harufu ndani ya gari na taa ya injini kwenye dashibodi, na katika gari la kwendea kazini ule mngurumo mzito wa mwendo wa wastani huchosha masikio kabla ya mwezi kwisha.

MshonaViti alijibu:

Wenzangu wamejibu habari ya kasi, lakini mwuliza swali amesema anataka gari liwe lake hasa, na hilo naliona ni jambo tofauti. Gari huwa lako zaidi kwa vile unavyovishika na kuvitazama kila siku. Kirungu cha gia cha toleo lako ni cha aluminiamu, huunguza kiganja juani na kuwa baridi kali asubuhi. Mwaka 2020 kilibadilishwa kikawa na umbo la tone chenye uzito wa gramu 90 ndani yake, na gia zikawa zinaingia kwa ulaini zaidi. Kukibadili ni kazi ya dakika chache, na utakihisi kila unapobadili gia, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu bawa jipya la nyuma.

Kwa rangi, nakushauri uvalishe gari karatasi ya vinyl badala ya kulipiga rangi upya, ili mradi rangi iliyo chini iwe nzima, maana karatasi ikibandikwa juu ya rangi iliyoanza kuachia huondoka nayo siku ya kubanduliwa. Viti usivibadili kwa haraka: vya kiwandani vimeunganishwa na mifuko ya hewa ya pembeni na vihisi vyake, na si kila kiti cha mashindano kinachofaa kumlinda mtu katika ajali ya barabarani.

Kila kifaa unachokitoa kifunge vizuri na ukihifadhi, kwa sababu siku ya kuuza wapo wanunuzi wengi wanaotaka gari lililo kama lilivyotoka kiwandani. Halafu iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi, hata kwa rimu tu.

MkataKona aliandika:

Nashukuru sana. Nimeshawishika kuanza na breki na upoozaji, na programu nitaiahirisha. Hata hivyo hakuna aliyegusa rimu na springi. Nimepata rimu nzuri za inchi 18, upana wa 9.5, ET45. Zitafaa?

FundiBoneti alijibu:

Wazo la inchi 18 ni zuri sana, kwa kuwa utapunguza uzito usiobebwa na springi, utapata tairi lenye ukuta mrefu linalostahimili mashimo, na uchaguzi wa matairi utakuwa mpana zaidi. Tairi la 245/40 R18 lina kipenyo cha takriban milimita 653 dhidi ya 655 za lile la 245/30 R20, kwa hiyo hata kipima mwendo hakitadanganya.

Kinachonitia shaka ni hiyo ET45, yaani umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa; ikiwa ndogo, gurudumu hutokeza nje zaidi. Rimu yako ya sasa ina upana wa 8.5 na ET60. Ukipiga hesabu, ukingo wa nje wa hiyo mpya utasogea nje kwa karibu milimita 28, na ule wa ndani utabaki karibu pale pale. Wahandisi wa gari hili walitenganisha mhimili wa usukani na ule wa shokapu ya mbele ili usukani usivutwe upande unapokanyaga mafuta. Ukilisukuma gurudumu nje kiasi hicho unaifuta sehemu ya kazi yao, mbali na tairi kukwaruza fenda. Tafuta upana huo huo wenye ET60 au karibu yake, ugawane ongezeko nje na ndani, kisha upime nafasi iliyobaki kati ya tairi na shokapu.

Springi fupi ningeziacha. Gari likishuka sana, mikono ya chini ya mbele hubadili pembe, na kitovu cha mlalo (nukta ambayo gari hulala likiizunguka) hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito, hivyo gari linaloonekana limetulia linaweza kulala zaidi kwenye kona. Kama ni lazima, usizidi milimita 20, kisha upime alaimenti upya. Shokapu za kiwandani zinaongozwa na kompyuta, kwa hiyo ukiziondoa utahitaji kifaa cha kuizuia isiwashe taa ya hitilafu.

Kabla ya kulipa, omba uifunge rimu moja mbele na uzungushe gurudumu kwa mkono, uone kama mikono ya rimu inaikwepa kalipa. Kuna rimu za inchi 18 zinazopita na nyingine zisizopita, na kipimo cha maandishi hakikuambii. Matundu ya nati yawe matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 120, na tundu la katikati liwe la milimita 64.1. Nati za Honda zina kikalio cha mviringo, ilhali rimu nyingi za dukani zinataka kikalio chenye umbo la koni, kwa hiyo nunua nati mpya za M14 x 1.5 pamoja na rimu, usizitumie zile za zamani.