Mvumo na mlio wa nyuki katika studio ya nyumbani: chanzo chake nikitafuteje?

Mrekodi wa Nkuhungu

Habari zenu, ndugu zangu. Nina studio ndogo katika chumba cha nyuma cha nyumba niliyopanga hapa Nkuhungu, Dodoma, na kazi yangu kubwa ni kuwarekodi wapigaji wa ilimba (chombo cha vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) na zeze pamoja na vikundi vya kwaya. Ninatumia kompyuta mpakato, saundi kadi ya USB (kifaa cha kuingiza na kutoa sauti ya kompyuta), maikrofoni moja ya kondensa na spika mbili zenye amplifaya ndani yake. Tangu nilipohamisha meza na kuchomeka spika kwenye soketi ya ukuta wa pili, ninasikia mvumo mzito wa chini, na juu yake mlio mkali kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nikiichomoa chaja, mlio wa nyuki unakatika papo hapo. Nikiirudisha na kuigusa bodi ya chuma ya kompyuta, vidole vinatekenywa.

Nilijaribu programu ya kuondoa kelele, nayo ikaniharibia kazi. Wanaoijua ilimba ya Wagogo wanafahamu kwamba tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoipa sauti yake ule mzizimo unaoambatana na kila noti. Programu haikutofautisha mzizimo huo na kelele ya umeme, ikavifuta vyote viwili, na mzee niliyemrekodi aliposikiliza alisema kwamba hicho si chombo chake. Sasa rafiki yangu amenishauri nikate mguu wa ethi, ule wa tatu wa usalama, kwenye plagi. Je, nifanye hivyo?

Fundi Umeme, Ipagala

Ndugu yangu, usiukate. Ethi ndiyo njia ambayo umeme utaipita siku waya wa moto utakapogusa bodi ya kifaa, ili fyuzi au kikata umeme kizime mapema. Ukiiondoa, volti 230 zitasubiri kwenye chuma mpaka aje mtu wa kukishika, na katika chumba chako mtu huyo atakuwa mwimbaji aliyeweka mkono kwenye maikrofoni.

Hilo la kutekenywa vidole linanieleza mengi. Ndani ya chaja mna kapasita ndogo za kuchuja kelele, ambazo hupeleka umeme kidogo sana kwenye waya wa ethi. Ethi isipokuwepo, umeme huo hukaa kwenye bodi ya kompyuta, na ukipima kwa mita ya kawaida unaweza kusoma karibu nusu ya volti za ukutani, ingawa mkondo wenyewe ni mdogo. Umeme huo lazima utafute pa kushukia. Kwako, ninavyoona, unapita kwenye waya wa USB, unaingia saundi kadi, unafuata wavu wa chuma unaozunguka nyaya za kebo ya spika na kushukia kwenye ethi ya soketi ya pili, na safari hiyo ndiyo unayoisikia kama nyuki.

Kwa hiyo, je, chaja yako ina plagi ya miguu mitatu, au ni ya miguu miwili ambayo unaichomeka kwa kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu? Ikiwa ni ya mitatu, mwite fundi aifungue soketi ya mezani aone kama waya wa ethi umefika, kisha apime fimbo ya ethi iliyozikwa nje. Udongo wetu wa Dodoma hukauka sana kuanzia Mei hadi mvua za Desemba, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo fupi iliyopimwa vizuri mwezi wa Februari inaweza kutoa jibu baya mwezi wa Oktoba. Kumwagia maji kunasaidia kwa siku chache tu. Dawa ni fimbo ndefu zaidi, au fimbo mbili zilizotenganishwa na kuunganishwa.

Dada wa Mitambo, Singida

Ninakubaliana na Fundi, ila ningependa tuzitenganishe kelele mbili hizo, kwa sababu dawa zake hazifanani. Umeme wetu ni wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), na mvumo wa hezi 50 au 100 uko juu kidogo ya noti ya G. Ubonyeze kwenye kinanda ulinganishe. Mlio wa nyuki umebeba masafa mengi ya juu, na mara nyingi hutoka kwenye chaja, taa za LED au swichi ya kielektroniki ya kupunguzia kasi ya feni ya dari.

Kwanza rekodi dakika moja ya ukimya, kisha isikilize kwa hedifoni kwenye simu. Ikiwa faili ni safi na spika zinavuma, usiiguse maikrofoni, tatizo liko kati ya saundi kadi na spika. Angalia pia jeki za kebo za spika. Yenye pete moja nyeusi haiwezi kujikinga na mvumo, lakini yenye pete mbili hubeba sauti kwenye nyaya mbili zinazopingana, na kelele iliyoingia kwenye nyaya zote mbili hufutika mwishoni, mradi saundi kadi na spika zote zinaukubali mfumo huo.

Mrekodi wa Nkuhungu

Nawashukuru sana, Fundi na Dada. Chaja ni ya miguu mitatu, lakini soketi ya mezani ilipofunguliwa, waya wa ethi ulikutwa umekunjwa nyuma bila kufungwa popote. Ulipofungwa, nyuki walinyamaza na bodi haitekenyi tena. Fimbo ya nje itapimwa wiki ijayo. Mvumo mwembamba wa chini ulibaki kwenye spika peke yake, kwa kuwa faili ya ukimya ilikuwa safi. Nilihamishia vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, ukapungua. Nilipobadilisha kebo kwa zile za pete mbili, ukaisha. Mzee wa ilimba amerudi, na utando wake unasikika wote. Kilichobaki ni feni, ambayo ikiwa kwenye kasi ndogo huleta mlio hafifu kwenye rekodi, na joto la chumba hiki bila feni ni kali.

Dada wa Mitambo, Singida

Ipeleke kwenye kasi ya mwisho usikilize, maana mara nyingi swichi hiyo huchafua umeme zaidi inapopunguza kasi. Upepo wake ukiingia kwenye maikrofoni, izime kabisa na urekodi alfajiri, wakati bati halijapata moto.